Neno la Mhariri: Sayari Isiyo na Ugomvi Haichezeki

Anayetaka kubuni sayari kwa ajili ya mchezo wa masimulizi, ule wa mezani ambapo mmoja huongoza hadithi na wenzake hushika kila mtu mhusika wake, kwa kawaida huanza na daftari. Huandika majina ya mabara, idadi ya miezi, nasaba za watawala, vita vya karne moja na mikataba ya karne nyingine, mpaka daftari linajaa na mchezo bado haujaanza. Toleo hili ni la watu wa daftari hilo, na halikutolewa ili kuwakejeli. Linachokipinga ni imani kwamba sayari huzidi kuwa hai kadiri historia yake inavyorefushwa na kukubaliwa na wakazi wake wote. Hoja yetu ni kwamba sayari huchezeka pale ambapo jambo moja la kimaumbile, lisilo na ubishi, limezaa historia mbili zinazobishana. Mtu aliyekulia kati ya Busia na Tororo, awe wa Kirewa, wa Nagongera, wa Malaba au wa Samia, ana mfano wa jambo hilo karibu na mlango wake kuliko waandishi wengi wa vitabu vya michezo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki katika himaya yao ya Uganda wakauingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja kabla, na sababu inayotajwa zaidi ni kwamba walitaka njia nzima ya reli iwe chini ya utawala mmoja. Amri ya mwaka 1926 ikaja kuuandika mpaka kisheria. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili za mstari ambao hawakuulizwa habari zake. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, akitegemea tendo hilohilo la 1902. Nairobi ikajibu kwa ukali, ikaibana Uganda katika njia ya bidhaa zake kwenda baharini, na Amin akarudi nyuma. Tukio moja, mwaka mmoja, hati zilezile. Kwa mmoja lilikuwa utaratibu wa ofisi za kikoloni ulioishia hapo, na kwa mwingine likawa dai la ardhi lililolala miaka 74 likisubiri wa kuliamsha. Msimulizi wa mchezo angehitaji nini zaidi ya hapo?

Mfano wa kahawa ni mtamu zaidi, kwa sababu unaanza na hali ya hewa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi ambayo wakulima wa huku hawakuwa wameiona. Mkulima wa Uganda alikuwa akilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani, wakati ng'ambo ya Mlima Elgon palikuwa na mnunuzi mwenye shilingi ya Kenya. Basi magunia yakavuka. Chepkube, mahali padogo upande wa Kenya, pakawa soko ambalo jina lake linatajwa hadi leo kila magendo yanapozungumzwa. Serikali ya Kampala iliona uhujumu wa uchumi. Mwenye gunia aliona malipo ya jasho lake. Na upande wa pili wako wanaoikumbuka miaka hiyo kama neema. Mbunifu wa sayari azingatie mpangilio wa mambo hayo. Wa kwanza ni ukweli wa maumbile, baridi ya usiku katika nchi ya mbali. Unafuatwa na sheria zinazotofautiana kwa hatua chache za kutembea. Ndipo zinapotokea kumbukumbu zisizopatana, na kila mwenye kumbukumbu ana kitu anachotaka kutoka kwa mgeni atakayetua kesho na chombo chake cha angani.

Vitabu vya michezo vyenyewe vimefika nusu ya njia hii. Mchezo wa Traveller, uliotolewa Marekani mwaka 1977 na Marc Miller na wenzake wa Game Designers' Workshop, unabuni sayari kwa dadu za kawaida, zile zinazouzwa pamoja na ludo katika duka lolote. Unarusha dadu mbili kupata ukubwa wa sayari, na ukubwa huo unaamua ni hewa gani inaweza kukaa juu yake. Idadi ya watu inaelekeza aina ya serikali, na serikali inaelekeza ukali wa sheria. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba kila jibu linalibana jibu linalofuata: sayari ndogo haiwezi kujidai ina anga zito, na kituo cha watu 40 hakiwezi kuwa na urasimu wa milki kubwa. Ikumbukwe pia kwamba toleo la kwanza halikuja na historia ya ulimwengu iliyokamilika. Milki kubwa ya nyota ambayo mchezo huo unajulikana nayo leo ilianza kuelezwa katika vijitabu vilivyofuata, wakati watu walikuwa wameshacheza. Hata hivyo dadu zina mwisho wake. Zinaweza kukuambia kwamba sayari ina hewa chafu, watu milioni 3 na sheria kali, lakini nani alinufaika hewa ilipochafuka, na wajukuu wake wanalisimulia vipi jambo hilo mbele ya wajukuu wa walioumia, hilo hazisemi. Hapo ndipo kazi ya mbunifu inapoanza.

Ugumu wa maumbile lazima uheshimiwe, na tunalisisitiza hili kwa sababu wako watakaodhani kwamba tunahubiri kila kitu kiwe cha kubishaniwa. La. Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali ni mabaki ya volkano ya kale, na mawe yake, pamoja na yale ya milima ya Sukulu iliyo jirani, ni ya aina adimu yenye chokaa nyingi. Chokaa ikaleta kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950. Fosfeti ya Sukulu ikaleta mipango ya mbolea. Reli iliyokuwa ikipita hapo kuelekea Kampala ikavipa vyote hivyo njia ya kutokea. Hakuna ukoo unaobishania kemia ya mwamba. Kinachobishaniwa, na kimebishaniwa kwa miaka mingi kati ya Jopadhola na Wateso, ni mji wa Tororo uangukie upande gani iwapo wilaya itagawanywa, na kila upande unaleta mezani historia ya nani alitangulia na nani alikaribishwa. Sayari ya kubuni ijengwe kwa uwiano huohuo: mvutano wake, urefu wa mchana wake na madini yake viwe na jibu moja ambalo msimulizi halibadilishi katikati ya kikao ili kumfurahisha mtu, na kumbukumbu za watu wake ziwe na majibu mawili au zaidi. Anayefanya kinyume, akaacha sayansi ielee na kuifunga historia kwa kufuli, anapata mchezo ambao wachezaji hawajui wakanyage wapi, na hakuna la kuuliza.

Fasihi yetu inaliunga mkono jambo hili, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya mchezo. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951 aliiweka nchi yake angani, akatupa mipaka yake kwa kutaja pepo, na kuhusu vyakula, mito au majengo yake akasema machache mno. Tunaijua nchi hiyo kupitia kesi. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, Majivuno anamshtaki, na utetezi unazifukua safari za wajumbe sita waliotumwa nje wakarudi na habari njema, wakaishia gerezani. Historia nzima ya nchi inatolewa kama ushahidi mahakamani, na upande wa mashtaka una historia yake. Linganisha na Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha angani kinachomfikisha kwenye jamii iliyokwisha kushinda dhuluma. Ni riwaya yenye ujasiri, na kwa kuisoma haina deni kwa mtu. Lakini kwa mchezaji, nchi iliyokwisha kupatana na historia yake humbakizia kazi ya kutembezwa na kuelezwa. Kusadikika unaweza kuicheza usiku huu.

Pingamizi la kwanza ni la furaha ya kubuni kwa ajili ya kubuni. M. A. R. Barker, mtaalamu wa lugha za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliijenga dunia yake ya Tékumel tangu utotoni, akaiundia lugha zenye sarufi kamili, na ilipotolewa kama mchezo mwaka 1975 ilikuwa na kina ambacho wachache wamekifikia. Nani atathubutu kumwambia alipoteza muda? Hatuthubutu. Ila furaha hiyo ilikuwa kwanza ya mbunifu mwenyewe, na mgeni anayeketi mezani kwa mara ya kwanza hawezi kuirithi kwa kusomewa kurasa. Anachoweza kukishika jioni moja ni madai mawili yanayogongana na mtu anayemwomba aamue. Greg Stafford alilielewa hili katika Glorantha, dunia ya miungu wala si ya vyombo vya angani, aliyoanza kuitoa kwa umma mwaka huohuo wa 1975: mungu mke ambaye dola moja inamwabudu kama mkombozi, majirani zake wanamwona kuwa ni balaa, na kitabu hakimtangazi mshindi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yako majeraha yaliyo wazi huku kwetu, na kuyageuza mchezo ni kuwadharau walioumia. Jibu letu si kwamba mchezo ni mchezo tu; anayesema hivyo hajawahi kuona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya karata. Jibu ni kwamba umbali wa sayari unasaidia. Mwanahistoria Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu Wajaluo wa kusini, aliyachukua masimulizi ya koo za Padhola, nchi ya Jopadhola, akayapima hili kwa lile, akaonyesha pia jinsi ibada ya Bura ilivyosaidia kuziunganisha koo ambazo hazikuwa na mfalme mmoja. Mbunifu akope utaratibu huo wa kupima, na majina ya koo ayaache yalipo. Koo za watu walio hai zisiingie mezani, wala mashujaa wao. Mchezaji anayelazimika kumtetea mchimbaji wa madini kwenye mwezi wa mbali, kisha kikao kijacho akamtetea aliyefukuzwa kwenye mwezi huo, anafanya zoezi ambalo mikutano yetu ya hadhara kuhusu mipaka haijawahi kumpa nafasi ya kulifanya.

Wapo pia wanaosema kwamba bunilizi za kisayansi ni mambo ya watu wengine. Hawa hatuwapi nafasi kubwa. Dilman Dila, mwandishi na mtengeneza filamu aliyezaliwa Tororo, alichapisha mkusanyo wake A Killing in the Sun mwaka 2014 na hajaacha tangu hapo. Na mchezo huu hauhitaji umeme wala kompyuta. Penseli, karatasi, dadu mbili na watu wanne wenye subira ya kusikilizana vinatosha, Kirewa kama kwingineko.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji watuletee sayari kwa toleo lijalo, na tunaweka sharti moja: isizidi ukurasa mmoja. Tueleze jambo moja la kimaumbile ambalo wakazi wote wanalikubali, kisha tuandikie historia mbili za jambo hilo, kila moja ikisimuliwa na mtu anayeiamini. Nasaba za wafalme zibaki daftarini.