Sikukuu ya Mvuvi

Kuna lawama iliyozoeleka vinywani mwa watu waliosoma, nayo husemwa kila Desemba kama watu wasemavyo juu ya mvua. Husemwa kwamba mtu wa kisiwani hajui thamani ya fedha. Kwamba mvuvi wa Bumbire, akisha kutaabika ziwani miezi mingi, hupanda chombo akaenda Mwanza kula sikukuu, na kwa siku moja akamwaga mjini yote aliyoyachuma majini. Lawama hii ina sura ya busara, na kwa sababu hiyo hupita bila kuulizwa. Mimi naiona kuwa ni dharau iliyovaa kanzu ya wasia, na tena ni dharau yenye hatari kwa roho za watu.

Watu wa Bumbire wana historia ndefu ya kusemwa vibaya na wageni wenye kalamu. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kisiwani hapo mwezi wa Aprili, akakosana na wenyeji, akakimbia. Mwezi wa Agosti alirudi na bunduki akawapiga waliokuwa ufukoni. Habari hizo alizipeleka kwa magazeti ya London na New York yaliyomgharimia safari, na wenyeji wakajulikana ulimwenguni kwa maneno ya adui yao. Sisi hatuna bunduki, walakini desturi ya kumhukumu mtu wa kisiwani bila kumsikiliza tumeirithi.

Na tuitazame kwanza kazi yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawakusanyiki penye taa, na mvuvi hupumzika. Kwa hiyo mapumziko yake hugawiwa na mwezi, wala hayafuati kalenda ya ofisi. Mwaka 2015 mwezi ulitimia siku ile ile ya Krismasi, na sikukuu ya kanisa ikakutana na sikukuu ya ziwa. Lakini bahati hiyo haiji kila mwaka. Ikiwa Krismasi imeangukia siku za giza, mvuvi anayesafiri ameacha mapato ya usiku kadhaa kwa hiari yake ili mkewe na wanawe waione siku moja isiyonuka samaki. Karani akienda likizo na mshahara wake ukaendelea, twamwita mstaarabu. Mvuvi akijilipia likizo kwa jasho lake mwenyewe, twamwita mbadhirifu. Mizani ya namna hii haiwezi kuitwa ya haki.

Tena, anayatumia wapi mapato yake? Dagaa wa visiwani hushushwa magunia kwa magunia katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kutoka hapo husafirishwa nchi nzima na nje yake. Mwanza, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, imekula na kuuza jasho la visiwa tangu zamani. Mvuvi akinunua viatu vya mtoto Makoroboi, akapiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck, akaketi na jamaa yake mezani akahudumiwa na mtu mwingine, huyo hakuvamia karamu ya watu. Amekuja kuketi katika karamu ambayo kitoweo chake alikileta mwenyewe.

Watu wa mjini nao siku hiyo hiyo ya sikukuu huenda wapi? Wengi hupanda mashua wakaenda Saanane! Kisiwa hicho kimechukua jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikaa hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Mtu wa mjini akienda kisiwani kustarehe, husemwa kuwa anaburudisha moyo. Mtu wa kisiwani akija mjini kwa haja ile ile, husemwa kuwa amepotea.

Sisi walimu wa fasihi tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tumewazoesha wanafunzi kusoma kila habari ya mjini kama habari ya maangamizi. Hutajwa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ambamo binti wa Ukerewe anatoka kisiwani akaharibikiwa. Lakini aisomaye kwa makini huona kwamba mwandishi, naye mzaliwa wa Ukerewe, ameupanda mzizi wa msiba katika nyumba ya baba mkali, huko huko kisiwani. Mji ulivuna mbegu iliyopandwa kwingine. Sikatai kwamba Mwanza ina ulevi na wezi wa mifukoni. Lakini ulevi haungoji meli, nao visiwani upo.

Nimesema kwamba lawama hii ina hatari. Tukisha kukubali kwamba safari ya sikukuu ni upuuzi, hatutauliza tena juu ya chombo kinachomchukua msafiri. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye idhini ya kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara siku ya gulio. Walikufa watu zaidi ya 220. Gulio na sikukuu ni ndugu: siku hizo watu huzidi, mizigo huzidi, na hofu hupungua. MV Victoria nayo ilisimama mwaka 2014, ikarudi kazini mwaka 2020. Katika miaka hiyo sita aliyetaka kuwahurumia watu wa ziwani alikuwa na neno kubwa la kusema kuliko bei ya viatu na soda.

Basi mwenye kupenda kuonya na aonye, ila aelekeze onyo lake panapostahili. Amwonye mwenye chombo anayepokea nauli ya mtu wa mia na moja katika nafasi za watu mia. Aulize kama kila abiria ana boya la kujiokolea, kama safari huongezwa wiki ya Krismasi na ya Idi, na kama nahodha anayekataa kung'oa nanga hulindwa au hufukuzwa. Hayo yakisha kutimizwa, mvuvi wa Bumbire aachwe aende mjini, acheke, anunue apendacho, arudi na mifuko mitupu akitaka. Fedha iliyokwisha huvuliwa tena katika giza la mwezi ufuatao, aliyezama harudi.