Kamera za moshi zisigeuke za polisi

Jijini London, kamera za kupambana na moshi wa magari hazipimi moshi. Zinasoma namba ya gari, kisha kompyuta inatafuta ni gari la aina gani. Lililozidi kiwango hulipiwa pauni 12.50 kwa siku, na tangu Agosti 2023 ni jiji lote. Hewa safi ni haki ya wakaaji, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2022 Meya Sadiq Khan aliwaruhusu polisi kutumia habari za kamera hizo. Basi hata dereva asiyedaiwa kitu anajulikana alipita wapi, saa ngapi. Namba ya gari lisilo na deni ifutwe siku ileile. Polisi akiitaka, aombe kwanza ruhusa ya jaji.