Ndoo Moja ya Mipira

Wiki hii nataka tuongee gofu. Najua, najua. Kwa wengi wetu, gofu ni ule mchezo wa kwenye TV ambao unabadilisha chaneli upesi ili ufike kwenye mpira. Lakini kama unafanya kazi ofisi za hapa Birmingham, iwe sheria, benki au uhandisi, siku moja utapata barua pepe: kuna siku ya gofu na wateja, nani anakuja? Na huko ndiko watu wanakofahamiana. Ukitembea na mteja uwanjani masaa manne, mtaongea mengi kuliko mikutano kumi ya ofisini.

Shida ni kwamba uwanja wenyewe si mahali pa kuanzia. Kundi la nyuma linakusubiri umalize, wenzako wanakutazama, na mara nyingi wewe ndiye Mwafrika peke yako pale. Ukiukosa mpira, unahisi umeukosa kwa niaba ya ukoo mzima. Ndiyo maana nasema, anzia renji.

Renji ni uwanja wa kupigia mipira tu. Unasimama kwenye kibanda chako, juu ya mkeka, unapiga mpira kuelekea uwanja mpana wenye vibao vya yadi 50, 100, 150, 200. Huendi kuufuata. Huhitaji kuwa mwanachama, na kwingi utaazimwa fimbo. Ndoo ya mipira 50 bei yake ni kama chakula cha mchana mjini. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayekusubiri. Jirani yako yuko bize na mipira yake mwenyewe.

Mimi naenda na baba. Baba alikulia Mombasa, na alipokuwa kijana alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, kwenye klabu moja ya huko. Alijua kila fimbo na kazi yake, alijua upepo wa baharini utaupeleka mpira wapi, lakini kazi yake ilikuwa kubeba. Kupiga ilikuwa ya wenye klabu. Mwaka 1978 makedi wenzake walikuwa na jina moja mdomoni: Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open kule Muthaiga, Nairobi. Walimpenda kwa sababu naye alianza kama kedi, akijifundisha kwa fimbo moja kwenye mchanga wa pwani ya kijijini kwao, Pedreña. Mwaka huohuo Ballesteros alikuja hapa kwetu, The Belfry, karibu na Sutton Coldfield, akaupiga mpira juu ya maji mpaka kwenye kijani cha shimo la 10 kwa pigo moja. Alama ya kumbukumbu ipo pale mpaka leo.

Kwa hiyo baba anakaa kwenye kiti nyuma yangu na kahawa yake, anatazama. "Wakimbilia wapi?" ananiambia. "Mpira hauendi popote. Maliza kwanza kurudisha mikono." Kamera ya renji inanipa kasi na umbali, lakini baba ndiye anayeniambia kwa nini. Mara ya tatu tulipoenda nilimpa fimbo. Akasema, "Mimi nilikuwa wa kubeba, mwanangu." Nikamwambia, "Baba, hapa tumelipa." Akanitazama, akavua koti. Wa kwanza ulibiringika. Wa nne ulipita kibao cha 100 ukiwa bado hewani. Hakusema neno, aliuliza tu, "Imebaki mingapi?"

Sasa, usiende renji ukapiga tu kama mtu anayetwanga mahindi. Haya ndiyo tunayofuata sisi:

Moja, kila mpira uwe na shabaha. Chagua kibao, kisha piga. Ukipiga hovyo mara 50, umezoea kupiga hovyo.

Mbili, usimalizie ndoo yote kwa draiva, ile fimbo ndefu. Inapendeza macho, lakini kwenye uwanja wa mashimo 18 utaitumia mara 14 hivi. Hesabu ya kawaida ya uwanja ni mapigo 72, na 36 kati yake yamewekewa kijani, pale unapousukuma mpira taratibu kuelekea shimoni. Kama renji yenu ina kijani cha mazoezi, baki hapo robo saa.

Tatu, badilisha fimbo na shabaha. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, walionyesha kwamba mtu anayechanganya mazoezi huonekana dhaifu siku ile, lakini baadaye anakumbuka zaidi kuliko aliyerudia kitu kimoja. Uwanjani hupigi fimbo ileile mara ishirini.

Nne, usiuamini sana mkeka. Fimbo ikigonga chini kabla ya mpira, mkeka unaiteleza na mpira unaenda vizuri tu. Kwenye nyasi ingezama. Sikiliza mlio: unataka usikie mpira kwanza, halafu chini.

Wapo watakaosema huku ni kujipendekeza kwa mabosi. Mimi sioni hivyo. Wazee wetu walibeba mifuko ya mchezo huu, waliufahamu kuliko wengi waliokuwa wakiucheza, na hawakuwa na pahali pa kuupiga mpira hata mmoja. Sisi tunapo, dakika ishirini kwa gari. Barua pepe ya ofisi ikija, utajibu ndio au hapana kwa sababu unataka, si kwa sababu unaogopa.

Nendeni Jumapili asubuhi, kabla watu hawajajaa. Na kama nyumbani una mzee aliyewahi kuwa kedi, mchukue, kisha mpe fimbo.