Taa ya Kujaribia Haitoshi

Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne hudhani ya kuwa soketi ikiwasha redio, basi ni nzima. Mimi nasema sivyo.

Likizo iliyopita pasi ya mama ilianza kumtekenya mkononi. Fundi aliyeitwa alishika taa yake ya kujaribia, waya mmoja kwenye moto, wa pili kwenye ardhi. Ikawaka. "Mama, ardhi ipo," akasema, akapokea fedha zake, akaenda. Siku ya pili mama alirushwa, pasi ikaanguka karibu na mguu wa mdogo wangu.

Hebu tufanye hesabu. Taa ya wati 40 kwa volti 230 huvuta ampea 0.17 tu. Waya wa ardhi ukiwa na ukinzani wa omu 10 kwa kulegea, taa itawaka vile vile, wala jicho halitaona tofauti. Lakini moto ukigusa bati la pasi, mkondo hauwezi kuzidi ampea 23, na swichi ya ampea 32 haikati kwa hizo. (Kiko kifaa kinachokata kwa miliampea 30, nacho ni chema sana, kwetu hakikuwapo.)

Soketi zetu ni za ringi, mtindo ulioenea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilipokuwa adimu. Waya hutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, hupita kila soketi, kisha hurudi pale pale. Uzuri wake ndio hila yake: ukikatika mahali pamoja, kila kitu huendelea kwa upande wa pili, na hakuna ajuaye.

Mjomba, fundi wa zamani, alizima swichi kuu, akahakikisha hakuna umeme, akafungua ncha zote za ringi, akapima ncha kwa ncha. Ringi ya meta 50, yenye moto wa milimita mraba 2.5 na ardhi ya 1.5, hutoa kama omu 0.37 na 0.61. Kisha huungwa moto wa ncha moja na ardhi ya ncha ya pili, kwa kupishana, na kila soketi hutoa karibu robo ya jumla, yaani 0.24. Kwetu ardhi haikutoa kitu. Ilikuwa imekatika nyuma ya soketi ya sebuleni, na upande uliosalia skrubu imelegea, mara yashika, mara yaachia. Fundi wa kwanza aliikuta imeshika.

Wako wasemao kupima hivi ni kupoteza wakati. Mjomba hakumaliza saa moja. Kwa maoni yangu, fundi asilipwe kabla ya kuandika vipimo vyake ndani ya mlango wa kisanduku.

Chama chetu cha Sayansi kinayo mita. Naomba kianze na chumba cha kupigia pasi cha bweni letu, Jumamosi asubuhi, fundi wa shule akiwapo.