Laptopu moja, watu wawili: Tulichojifunza kabla ya kutoa pesa

Tulipovunja kikoba mwezi Desemba, mgao wangu ukijumlishwa na akiba ya mume wangu ulifika Sh3.6 milioni. Laptopu yetu ya zamani ilikuwa imeanza kujizima yenyewe, na sote wawili tunaitegemea. Yeye anafundisha hisabati sekondari, mimi naandika habari za afya. Tulikubaliana bila shida kwamba tununue moja nzuri, itakayodumu. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye swali la ipi.

Sote tulitaka zile ambazo skrini yake inazunguka hadi nyuma, ikawa kama kishikwambi cha kuandikia kwa kalamu. Yeye akachagua HP Spectre x360, mimi nikachagua Lenovo Yoga 9i, zote za toleo la mwaka 2022. Zilipotoka, bei yake Marekani ilianzia takriban dola 1,250 kwa Spectre na dola 1,400 kwa Yoga. Weka nauli ya kuileta na faida ya muuzaji, kikoba chote kimekwisha.

Mama mkwe alikuwa kando anapepeta mtama. Alitusikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Hiyo mashine yenu inakinga maji ya mvua?" Simtanki tulikuwa tumemwahidi tangu mwaka juzi. Hakuna aliyemjibu.

Siku tatu tukabishana. Mwenzangu alisema skrini ya Spectre ni ndefu kwenda chini, karatasi ya mtihani inaonekana karibu yote. Mimi nikasema Yoga ina spika nzuri kwenye bawaba, nitasikia vizuri mahojiano niliyorekodi, na betri yake ni kubwa. Kila mmoja alikuwa na video za mtandaoni za kumuunga mkono. Siku ya nne tukachoka, tukaweka daftari mezani. Kwa wiki moja kila mtu aandike alichofanya kwenye ile laptopu mbovu, saa ngapi, na umeme ulikuwepo au la.

Ndugu msomaji, kama kuna jambo moja la kuchukua katika makala hii, chukua hilo daftari. Lilituumbua wote.

Hoja yangu ya spika ilikufa kwanza. Wiki nzima sikusikiliza rekodi hata moja bila spika za masikioni, na nisingeweza. Wagonjwa wananieleza mambo ambayo hayapaswi kusikika sebuleni.

Hoja yake ikafuata. Skrini ya Spectre ni ya inchi 13.5 kwa uwiano wa tatu kwa mbili. Ya Yoga ni inchi 14 kwa uwiano wa kumi na sita kwa kumi. Yeye ni mwalimu wa hisabati, akapiga hesabu mwenyewe kwa kanuni ya Pythagoras. Urefu wa kwenda chini ukatoka sentimita 19 kwa Spectre na sentimita 18.8 kwa Yoga. Tulikuwa tumenuniana siku tatu kwa sababu ya milimita mbili! Alicheka, nami nikacheka.

Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kidogo na cha maana. Umeme ulikatika mara nne wiki ile, mara tatu ikiwa usiku, wakati yeye anatunga maswali. Betri ya Spectre ni ya wati-saa 66, ya Yoga ni 75. Kwa kazi ya kuandika tu, mashine za aina hii zikila wati nane hivi, tofauti hiyo ni kama saa moja. Saa moja gizani ni kubwa kuliko milimita mbili.

Uzito ni karibu sawa, kilo 1.4 kila moja. Zote mbili zinachajiwa kwa waya wa taipu C, na zote hazina tundu la HDMI, kwa hiyo mwalimu anayetumia projekta lazima anunue adapta. Spectre ina tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu, Yoga haina. Kwa anayerekodi kwa kifaa chenye kadi, hilo si dogo. Zote mbili RAM yake imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza baadaye. Ukinunua ya GB 8 leo, utazeeka nayo. Kwa sisi ambao fundi wa uhakika yupo Musoma au Mwanza, tuliona heri GB 16 mara moja.

Kuna suala la skrini ambalo wauzaji hulipitia haraka. Zote mbili zilitoka kwa skrini ya kawaida na kwa skrini ya OLED. OLED ina rangi za kuvutia, lakini inakula umeme zaidi ukurasa ukiwa mweupe, na sisi kazi yetu yote ni kurasa nyeupe. Skrini nyingi za OLED pia hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na baadhi ya watu huumwa kichwa wakizitumia usiku kwa mwanga mdogo. Kama wewe una kipandauso, kaa mbele ya skrini ya OLED nusu saa, mwanga ukiwa chini, kabla ya kulipa. Sisi tukachagua ya kawaida.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, niseme la watoto. Skrini ya kugusa ni kishawishi. Wa kwetu ana miaka minne, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa umri huo asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali mita sita kwa sekunde 20. Usiiweke kwenye godoro, matundu ya hewa yataziba na itapata moto. Ukiigeuza kuwa kishikwambi, iegemeze kwenye kitu. Shingo iliyoinama saa mbili italalamika asubuhi.

Lakini nikiri jambo. Ugomvi wetu haukuwa wa Spectre na Yoga.

Usiku wa sita wa daftari mume wangu aliona kwamba kila anapoingia sebuleni mimi nafunga laptopu. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Mke wangu, unanificha nini?"

Nilimwambia ukweli. Ndani kuna sauti za wanawake walionieleza magonjwa yao kwa masharti kwamba nitasikia mimi peke yangu. Wengine anawafahamu, anapishana nao sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata isingekuwepo sheria, niliwapa neno langu. Ndiyo maana nilikuwa napigania Yoga kama yangu. Moyoni nilitaka mashine ambayo hataigusa.

Akanyamaza, kisha akasema na yeye analo. Mitihani anayotunga hukaa humo wiki mbili kabla ya siku yake, na vijana wa jirani huja kwetu kuangalia mpira. Amekuwa akihofia mtihani uvuje na yeye apoteze kazi, akaona aibu kuniambia afungie nyumbani kwake mwenyewe.

Kumbe kila mmoja alikuwa analinda amana ya watu wengine, na mwenzake anadhani anafichwa. Dawa yake haikuwa na gharama. Windows inaruhusu akaunti mbili kwenye mashine moja, kila moja na nywila yake. Akaunti zote ziwe za kawaida, na ile ya usimamizi ifunguliwe tukiwa wote wawili. Faili nyeti kabisa tunazihifadhi kwenye flashi zilizofungwa kwa nywila, kila mtu na yake.

Tulipofika hapo, kununua kukawa rahisi. Tulipanda gari Bunda tukaenda Mwanza, tukiwa tumeamua kutafuta iliyotumika na kumtimizia mama ahadi yake. Tuliangalia mashine nne kwenye maduka tofauti. Kila moja tuliifanyia mtihani uleule, nawe ufanye:

Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Moja ya tulizoonyeshwa ilikuwa imebaki na asilimia 61 tu, na muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni kama mpya.

Zungusha skrini hadi nyuma, mara kumi. Bawaba isilie wala isilegee. Jaribu kalamu kwenye kona zote nne. Chomeka chaja kwenye kila tundu. Washa kamera. Fungua ukurasa mweupe, tafuta madoa na vivuli. Mwisho, omba risiti na waraka wa dhamana, hata kama ni ya miezi mitatu. Anayekataa kuandika, muage kwa heshima.

Iliyofaulu ilikuwa Yoga, RAM GB 16, betri asilimia 91, kwa Sh1.95 milioni. Kama Spectre ndiyo ingefaulu, tungerudi nayo, na mimi ningefurahia tundu la kadi. Mashine hizi mbili zinakaribiana kiasi kwamba hali ya hiyo iliyo mbele yako ina uzito kuliko jina lililo juu yake.

Simtanki la lita 2,000 lilifika wiki iliyofuata. Mvua ya kwanza iliponyesha, mama mkwe alisimama mlangoni akisikiliza maji yanavyoingia. Mume wangu alikuwa mezani anaandika, umeme umekatika, skrini inawaka. Nilipita nyuma yake kwenda jikoni. Hakufunga laptopu, nami sikuchungulia.