Dawa Bure, Sufuria Tupu



Kuna jirani yako amemeza dawa za TB leo asubuhi na tumboni hana kitu ila chai ya strungi. Hatakwambia. Anaona haya ya kikohozi, na anaona haya ya njaa.

Dawa za kifua kikuu ni bure kwenye hospitali za serikali, alhamdulillah. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Lakini mwili uliokonda hauna nguvu ya kupigana, na mgonjwa akianza kupata nafuu, hamu ya kula inarudi kwa kishindo. Jikoni hakuna kitu. Basi anaruka siku moja, anatoka kutafuta kibarua, mwisho anaacha dawa kabisa. Sisi tunamwita mzembe.

Serikali nayo iliwahi kuwaona hivyo. Mwaka 2010, wagonjwa wawili kutoka Nandi walitiwa jela Kapsabet kwa kukatiza dawa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga jela wagonjwa kama hao ni kinyume cha Katiba. Sawa, tulishinda. Lakini kutofungwa si kushiba.

Tazama Jharkhand, India. Watafiti waliwapa wagonjwa wa TB kapu la chakula kila mwezi. Kundi moja la familia nalo likapewa mchele na dengu. Matokeo yalitoka 2023: katika familia zilizolishwa, waliougua TB walipungua kwa asilimia 39, ukilinganisha na familia ambazo mgonjwa peke yake ndiye aliyepewa. Mchele, dengu na vidonge vya vitamini tu!

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya afya na haki ya kutokaa njaa. Kimeziweka pamoja. Kwa nini kaunti izitenganishe?

Kwa hivyo, mambo mawili. Kwanza, kikao cha wananchi cha bajeti kikiitishwa, nenda. Muulize MCA wako: chakula cha wagonjwa wa TB kiko ukurasa gani? Pili, usingoje bajeti. Maskani yenu ichange unga, maharagwe, mayai na mafuta, mumpe mhudumu wa afya ya jamii awafikishie wagonjwa. Yeye anazijua nyumba zao, nyinyi hamna haja ya kuzijua.

Na tafadhali, msipige picha. Mgonjwa ana haki ya kula bila kuanikwa.