Kombe la Cissé Halikuokotwa

Mwandishi aliyedai kwamba Aliou Cissé alibebwa tu na kizazi cha Sadio Mané amesahau Bamako, 2002. Katika fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kameruni, Cissé, nahodha wa Senegal, alipiga penalti ya mwisho na kipa akaipangua. Akakabidhiwa timu kama kocha 2015. Fainali ya 2019 akafungwa na Algeria, bado akasimama. Februari 2022, Yaoundé, Mané alikosa penalti mapema dhidi ya Misri. Kocha aliyeyajua machungu hayo hakumtoa, na mkwaju wa ushindi ukapigwa na Mané huyohuyo. Vipaji? Kizazi cha 2002 kiliichapa Ufaransa, bingwa wa dunia! Lakini kombe la kwanza la Afrika Senegal ililipata chini ya Cissé.